Kinyama cha Mzee Sirili

Jumamosi moja asubuhi Salvina, muuguzi jirani yetu wa Shirimatunda, alipanda Kibosho kama mtu anayekwenda kusalimia tu. Alifanya kazi kwenye utafiti wa saratani ya koo. Wagonjwa waliokubali walikatwa kinyama kidogo kooni, kikahifadhiwa kwenye barafu, ili madaktari wajue kwa nini ugonjwa huu unawaandama watu wa mlimani na dawa ipi itawafaa. Mzee Sirili alikubali. Sasa alikuwa amezikwa kihambani, kati ya migomba yake, na mwanawe Filbert naye chakula kilikuwa hakishuki. Kupimwa hataki.

"Mlimla baba, dada. Sasa mmenifuata mimi," Filbert alisema, sauti ikikwaruza.

Mama yake, Mektrida, alimvuta Salvina pembeni.

"Baba yake anakuja jikoni mchana," alinong'ona. "Anasimama tu, anameza mate. Tulimzika pungufu, mwanangu."

Akachuma jani la sale uani, akalipiga fundo, akamwekea mkononi. Uchaggani ukiombwa kwa sale, hukatai.

"Mrudishe mzima. Akitulia, Filbert atashuka hospitali."

Mjini, Salvina alikuta kinyama cha mzee kimekwisha. Kilikatwakatwa kwa vipimo mpaka cha mwisho. Angeweza kurudi akasema hivyo. Lakini Filbert alikuwa anakonda, na siku hazimsubiri. Akachukua kichupa chenye kinyama cha marehemu mmoja, mama wa Kipare, ambaye hakuna ndugu aliyewahi kumuulizia.

Nyama ni nyama, alijiambia.

Jumapili wakakizika kaburini kwa mzee, wakasali.

Jumatatu mchana simu iliita. Mektrida.

"Mzee hajaondoka."

Salvina alitoka nje na simu.

"Sasa wako wawili. Mwingine ni mwanamke. Anaongea Kipare." Sauti ikashuka. "Umetuletea nani, mwanangu?"

Hata hivyo, kesho yake Filbert alishuka, maana mama yake alikuwa ameahidi. Hakumsalimia mtu. Alilala kitandani, daktari akashusha kamera kooni. Uvimbe ulikuwapo. Mdogo. Wa kutibika.

Kisha daktari akasogea karibu na kioo cha kamera.

"Huyu nani alishamkata?"

"Hakuna, daktari," Salvina alisema. "Hajawahi kufika hapa."

Pembeni mwa uvimbe palikuwa na kishimo. Kinyama kilikuwa kimeshatolewa, ukubwa uleule wa kile cha baba yake.

Damu ilikuwa bado mbichi.