Chumba cha Kuruka

Haya yamempata rafiki yangu, fundi wa mapazia, na mnanijua siongezi chumvi, labda gunia moja tu. Huyo dada alimeza riwaya za majumba yenye siri mpaka macho yakaota kurasa.

"Mwanaume asiye na chumba cha kufuli hana ladha," alizoea kunitania.

Basi akampata wake, aliyefiwa na mke. Siku moja kabla ya ndoa akaenda kwake kupima mapazia. Koridoni giza, mlango mmoja una kufuli.

"Hiyo stoo, mpenzi, iruke," mchumba akasema kutoka jikoni.

Rafiki yangu, mbishi, akapenyeza futi yake ya kupimia chini ya mlango ajue urefu wa chumba. Ndani ikashikwa, ikavutwa taratibu mpaka ikakazika, kama fundi anavyoshikiwa ncha ya futi na mwenzake.