Ukanda wa Mlangoni

Asubuhi ya kwanza baada ya kufika, Verna aliukuta ukanda wa ngozi umelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

Ukanda huo ndio uliokuwa ufunguo wa nyumba. Orrin, mumewe, alikuwa ameikarabati nyumba ya magogo ya babu wa babu yake, huko milimani Kentucky, na alikataa katakata kuweka kitasa. Aliye nje alivuta ukanda uliopita katika tundu la mlango, komeo la ndani likanyanyuka. Ukining'inia nje, mgeni amekaribishwa. Ukivutwa ndani, haingii mtu.

Kila jioni Verna aliuvuta ndani kwa mkono wake. Kila asubuhi aliukuta unaning'inia nje, na kizingiti kinanuka sufu iliyolowa.

"Panya hao, mke wangu," Orrin alimtania. "Wa huku wana adabu, wanakaribisha wageni."

Verna alicheka. Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumkamata na uongo. Lakini jioni ya nne, wakila maharagwe na mkate wa mahindi, walisikia kucha zikiparuza udongo ulioziba nyufa kati ya magogo, taratibu, zikiuzunguka ukuta kutoka mekoni hadi mlangoni, zikitulia, zikianza tena, na harufu ile ikajaa chumbani.

Orrin aliweka kijiko chini, akamweleza alichomficha. Babu yule, mwaka wa njaa, alimfungia mkewe Mahala nje kwenye theluji, akafa, ili unga umtoshe yeye. Tangu Orrin aurudishe mlango wa zamani, Mahala anautoa ukanda nje kila usiku, ila kuuvuta ili komeo linyanyuke hawezi. Anangoja mkono wa aliye hai.

"Twende zetu basi," Verna alinong'ona.

"Kesho. Kalete kuni kwanza, moto unazimika."

Alitoka. Theluji ilikuwa ikianguka na mwanga ulikuwapo bado. Alipogeuka na mzigo wake, aliuona ukanda ukiingia tunduni kama mkia wa panya.

"Orrin, fungua."

"Nisamehe, Verna." Alikuwa analia, mwongo yule. "Akipata mwenzake huko nje, ataniacha."

Kuni zikamwanguka. Kumbe ndiyo maana, walipokuwa wakifunga mabegi kuja huku, Orrin alimwambia asihangaike na koti zito. Hilo lilimuuma kuliko baridi.

Harufu ya sufu ikasimama ubavuni pake.

"Na mimi," sauti ya mwanamke ikamwambia sikioni, "alinituma kuni."

Tunduni ukanda ukaanza kutoka, umelowa. Verna akaushika, akauvuta.