Mwanamume Aliyetazama Miguu

Wengine hukutana harusini, wengine kanisani, wengine kwenye foleni ya benki. Jovitha na Hénoc walikutana katikati ya maiti, Jumamosi moja ya mvua, ukumbi umefurika watu hadi miavuli inagongana.

Jovitha, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa Guangzhou akisomea udaktari. Jumamosi alijitolea kwenye jumba la makumbusho, akiwaongoza wageni wasiojua Kichina katika maonyesho ya miili ya watu iliyohifadhiwa. Siku hiyo alivaa sketi nyeusi ya kubana na shati jeupe, nywele amesuka twende kilioni, beji kifuani. Pande zote miili ilikuwa imesimamishwa, imechunwa ngozi, mmoja katika hali ya kukimbia, mwingine akirusha mpira, maji na mafuta yake yote yametolewa na plastiki kujazwa mahali pake. Watoto walicheka. Mama zao waliziba pua ingawa hapakuwa na harufu yoyote.

Mbele ya yule mkimbiaji alichuchumaa mwanamume mweusi, mrefu, suti ya kijivu imenyooshwa pasi ikanyooka, viatu vinang'aa, mabega yamelowa mvua. Alikuwa ameukodolea macho mguu wa kushoto wa maiti. Akainuka, akaenda kwenye mwili wa pili, akachuchumaa tena, mguu ule ule wa kushoto. Jovitha alisogea kumuuliza kwa Kiingereza kama anahitaji msaada, akamsikia akijisemea kwa Kiswahili.

"Kumbe ni wetu!" Jovitha alisema. "Kaka, mbona uso huangalii, moyo huangalii, unataka miguu tu? Wewe ni fundi viatu?"

Alitegemea kicheko. Yule mwanamume alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Niko natafuta grand yangu," alisema. "Kaka yangu mkubwa. Anaitwa Désiré."

Mzaha ulimkauka Jovitha mdomoni. Alimpeleka kwenye benchi la pembeni, akamsikiliza. Jina lake Hénoc, mtu wa Bukavu. Kaka yake alikuwa mfanyabiashara hapa mjini, na siku moja mtu asiyejulikana alipiga simu nyumbani, akasema Désiré amefariki, akakata. Hénoc akapanda ndege kuja kuutafuta mwili. Kila hospitali aliyoingia na jina la kaka yake ilimjibu neno moja: meiyou, hayupo. Ndipo akasikia huko Sanyuanli, kwenye majengo ya bidhaa za jumla, kwamba wageni wasio na ndugu huishia kwenye maonyesho haya.

"Na hawa hawana ngozi, chérie... pardon, dada. Nitajuaje huyu Mchina, huyu mtu wa Bukavu? Lakini Désiré alianguka na pikipiki. Iko chuma ndani ya mguu wake wa kushoto, na misumari yake. Chuma haichunwi."

"Hayo ni maneno ya sokoni, kaka. Kibao pale mlangoni kinasema hawa walijitolea wenyewe wakiwa hai."

"Kibao ni cha Kichina. Kinaweza kusema kile kinataka."

Angeweza kubishana naye. Badala yake aliomba ruhusa kwa msimamizi, akamzungusha ukumbi mzima, mwili kwa mwili, mguu kwa mguu, akimwonyesha mfupa ulipo na misuli ilipo. Hapakuwa na chuma. Walipofika mlango wa kutokea, Hénoc alishika kifua kushukuru, kisha akaomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Pengine nitakumbuka mguu moja tumeruka."

Akacheka kidogo, na meno yake yalikuwa mazuri. Jovitha, aliyekwisha kuwanyima namba wanaume wengi wenye sababu nzito kuliko hiyo, akampa.

Simu zilianza jioni ile ile.

"Docteur wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Tambi."

"Ile si chakula, ile ni kamba. Kuja Sanyuanli, nikulishe."

Akaenda. Palikuwa na mgahawa wa Mama Jeanne, ghorofani, juu ya ofisi za kusafirisha mizigo, ambako sombe ya majani ya muhogo na ugali wa fufu vilipakuliwa bila uchoyo. Hénoc alikuja na suruali ya haradali na koti la buluu, kitambaa mfukoni, na Jovitha akamtania kwamba hata Papa wa Roma haendi kula amevaa hivyo. Mchana alikuwa akinunua nguo na kuzipeleka bandari ya Nansha kupakiwa kwenye makontena. Katikati ya kazi hizo aliendelea kubisha hodi polisi na hospitalini. Kabla ya kula alimpigia mama yake Bukavu, kila siku, hakosi. Tangu msiba ule mama alikuwa akilala chini kwenye mkeka. Matanga yalikuwa hayajaondolewa, kwani yataondolewaje bila kaburi?

Jovitha alimpenda. Alipenda anavyomvusha barabara kwa kumshika kiwiko, anavyomwita "docteur" mbele ya watu na "chérie", mpenzi, wakiwa wawili. Siku alipougua mafua, Hénoc alimletea supu akapiga magoti kumvua soksi zilizolowa. Jovitha akajua kwamba ameshapotea.

"Ukimpata kaka yako utafanya nini?" alimuuliza siku hiyo.

"Siku ile ile napanda ndege," Hénoc alijibu huku akimenya chungwa. "Sikukuja hapa kufanya biashara. Biashara ni ya kulipia chumba tu."

Hakumtazama wakati anasema. Jovitha alipokea kipande cha chungwa akakitafuna polepole. Maneno yale yalimkaa moyoni.

Hata hivyo aliendelea kumsaidia. Alimweleza mwalimu wake habari za chuma cha mguuni, mwalimu akawauliza wenzake, na baada ya wiki chache jibu likarudi. Alikuwapo mgeni mwenye chuma mguuni aliyefia hospitali ya wilaya ya pembeni, akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, kama walivyokuwa nayo wengi walioishiwa na viza. Waliompeleka walimwacha mlangoni wakatoroka. Alisubiri ndugu kwenye jokofu hadi muda ukaisha, na sheria ikachukua mkondo wake.

Jovitha alikwenda peke yake kwenye nyumba ya kuchomea maiti. Mhudumu alimwonyesha sanduku dogo la majivu na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na chuma kirefu chembamba, kimeungua kikawa cheusi, na matundu ya misumari yakionekana vizuri. Alikishika akalia mpaka mhudumu akamletea kiti.

Alirudi na nia ya kusema jioni ile ile. Akamkuta Hénoc chumbani kwake amempikia ndizi za Bukoba, ameziunguza, amejifunga kanga yake kiunoni, anaimba.

"Leo usiniambie ile si chakula," alimlaki. "Njoo, chérie. Mbona macho imevimba?"

"Usingizi."

Akasema moyoni, kesho. Kesho ikaja naye akasema kesho. Alijiambia kwamba anamhurumia: utamwambiaje mtu wa Bukavu kwamba kaka yake amechomwa moto? Lakini tuseme ukweli, haikuwa huruma peke yake. Alijua kwamba neno hilo likimtoka, mwanamume huyu atapanda ndege, naye atabaki na tambi zake. Kwa hiyo alinyamaza, na Hénoc akaendelea kutafuta. Alirudi jioni miguu imevimba, Jovitha anamkanda kwa maji ya moto, na kila akimkanda alijichukia.

Jumapili moja mchana, baada ya ibada, Hénoc alimgeuzia simu yenye video. "Mama anataka kukuona."

Jovitha aliona ukuta wa bluu, mkeka sakafuni, na mwanamke aliyekonda amekaa juu yake, mgongo ameuegemeza ukutani, nguo nyeusi imepauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wangu. Hénoc anasema uko unasoma udaktari. Nisaidie, mwana wangu. Wewe unajua hospitali za huko. Nitafutie mtoto wangu. Hata mufupa moja nitapokea."

Mtandao ukakatika. Hénoc alikuwa bado anatabasamu, ameridhika kwamba wamesalimiana. Jovitha alikaa kitandani.

"Nimempata," alisema. "Désiré. Nilimpata zamani, Hénoc. Nimekiona chuma, nimekishika."

"Zamani lini?"

"Kabla ya zile ndizi ulizoziunguza."

Alimweleza yote, hakuficha kitu. Alipofika kwenye moto, Hénoc alisimama.

"Walimuchoma? Mtu mzima? Kama takataka?"

"Ni utaratibu wao, mpenzi. Hata wao wenyewe huchomwa..."

"Na wewe ulijua. Niko nazunguka mji muzima, narudi unanikanda miguu, na unajua."

"Niliogopa utaondoka."

"Mama analala chini, Jovitha!"

Alichukua koti lake akatoka, na mlango hakuubamiza. Jovitha alipiga simu, ikaita hadi ikakata. Akatuma ujumbe, ukasomwa bila kujibiwa. Akaenda kwa Mama Jeanne, akaambiwa Hénoc amekula akaondoka. Siku ya nne simu ikalia.

"Nielekeze pale alipo."

"Nitakupeleka."

Walikwenda pamoja, kila mmoja anatazama dirisha lake. Hénoc alipokea sanduku, akalipakata, akashangaa uzito wake ulivyo mdogo. Jovitha alimtafsiria maneno ya mhudumu hadi mwisho. Nje, chini ya mti wa barabarani, Hénoc aliinamisha kichwa akalia kwa sauti bila kujali wapita njia. Jovitha alimwekea mkono mgongoni, na Hénoc hakuusukuma.

Alisafiri wiki ile. Jovitha alimsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun. Hénoc alivaa suti ya kijivu, sanduku amelikumbatia ndani ya begi jeusi. Walisimama kando ya foleni, matangazo yakipita juu ya vichwa vyao.

"Utarudi?" Jovitha aliuliza.

Hénoc alilisogeza begi kifuani. "Kwetu," alisema, "mdogo haingizi mke nyumbani wakati matanga ya mkubwa haijaondolewa. Ni mwiko. Ndiyo maana sikukuambia kitu. Nilikuwa nangoja Désiré apatikane. Nizike, tuondoe matanga, kisha nirudi kukuchukua. Mama nilikuwa nimemwambia. Ndiyo maana alitaka kukuona."

Jovitha alishika kamba ya begi lake mwenyewe ili apate cha kushika. "Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ungefikiri natafuta maiti ya grand yangu ili nioe."

"Hénoc, nilikuficha ili usiniache."

"Najua. Ningekuwa mahali pako, sijue, pengine na mimi ningenyamaza." Alifuta uso kwa kiganja. "Nimekusamehe. Lakini nikikuangalia nakupenda, halafu naona mama kwenye mkeka, na vyote viwili vinakuja mara moja. Siwezi kuishi hivyo."

"Nitakungoja mpaka upone."

"Jovitha," alisema, na hilo la chérie halikuja tena, "usiningoje."

Alimbusu kwenye paji la uso, kama mtu anavyombusu dada yake, akaingia kwenye foleni. Jovitha alimtazama hadi koti la kijivu likapotea miongoni mwa makoti mengine. Kisha akateremka kwenye metro.

Treni ilikuwa imejaa. Alipata kiti karibu na mlango, na simu ikatetemeka mkononi: ujumbe wa sauti, namba ya Kongo. Aliiweka sikioni.

"Jovitha, mwana wangu. Ni mama Désiré. Hénoc amenieleza. Amesema ni wewe ulimutafuta mtoto wangu, wewe peke yako, mpaka ukamupata, na siku ileile ukamwambia. Mimi sina kitu cha kukupa. Leo nitalala kwenye kitanda kwa sababu yako. Mungu akulinde, mwana wangu. Akupe mume muzuri, mume wa kukupenda."

Ujumbe ulikwisha. Kwao Bukoba, mama akikubariki unajibu amina, na mtoto asiyejibu huhesabiwa hana adabu. Jovitha alibonyeza kitufe cha kurekodi, akafungua mdomo, akaachia. Treni ilifika Sanyuanli, watu wakashuka na mizigo yao, wengine wakapanda, naye akabaki amekaa, simu mkononi, akitafuta sauti ya kumjibu mama wa watu.