Niliapa Kortini Kwamba Breki Zilikuwa Sawa

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu. Mimi ni fundi wa magari, na katika miaka kumi na saba iliyopita nimefanya kazi katika gereji tisa. Nyeri, Karatina, Nanyuki, Murang'a, Kerugoya... Kila nikianza kuzoeleka mahali, miguu yangu huanza kuwasha. Nafunga spana zangu kwenye gunia, nahama. Wenye gereji husema nina mkono mzuri lakini sina utulivu. Wanasema kweli. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ni kitu gani kinanifukuza.

Leo nitawaambia ninyi, wasomaji wenzangu. Majina nimeyabadilisha. Mimi niiteni Gathogo.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaanza nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi katika gereji moja mjini Nyeri. Siku hizo kulikuwa na kundi la watu waliopenda kushindana kwa magari katika kiwanja kidogo cha ndege upande wa Mweiga. Walipanga mapipa matupu yawe kona, na magari yakayazunguka huku watu wakishangilia kutoka kwenye nyasi. Mwanzoni walikuwa ni Wazungu waliobaki mashambani na Wahindi wa madukani. Halafu na sisi tukaanza kuingia.

Mtu aliyeniingiza mimi nitamwita Wekesa. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu wa magharibi, aliyetumwa kufundisha shule moja karibu na mji. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye kucheka polepole. Alinunua saluni ndogo ya Kijapani iliyokwisha kuchoka, akaileta kwangu. Akaniambia anataka kuikimbiza pale Mweiga, lakini breki zake zikipata moto zinakufa. Je, naweza kufanya kitu?

Kama ningeweza? Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiiota!

Nyuma ya gereji yetu palikuwa na gari lililoanguka, kubwa kidogo kuliko la Wekesa lakini la aina ile ile. Mbele lilikuwa na breki za diski. Kwa majuma mawili, kila baada ya kazi, mimi na Mwalimu tulitoa drami zake za zamani, zile breki za ngoma, na kufunga zile diski. Yeye alishika taa na kunieleza kwa nini diski inapoa haraka kuliko drami. Mimi nilimwonyesha jinsi ya kufunga nati bila kuivua meno. Tulipomaliza tulilijaribu barabarani, na lile gari likasimama kama limeshikwa na mkono! Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Katika siku hizo za kuja na kurudi ndipo Wekesa alipomwona dada yangu.

Nyambura alinifuata mimi kuzaliwa, kwa miaka minne. Alikuwa akishona nguo katika duka moja mjini, na saa za chakula aliniletea githeri gereji. Walianza kwa salamu. Baada ya mwaka mmoja Wekesa alitaka kumwoa. Baba yetu alikataa kabisa. Alisema hakumsomesha binti yake ili achukuliwe na mtu ambaye hata kwao hakujulikani njia. Mimi ndiye niliyesimama. Nilimwambia Baba kwamba namjua mtu huyu, nimefanya naye kazi, ni mtu wa kweli. Mwishowe Baba akakubali Wekesa alete wazee wa kwao.

Mnaona, wasomaji? Niliwaunganisha kwa mkono wangu mwenyewe. Na kwa mkono huo huo...

Ngoja nieleze. Zile diski zilileta shida moja. Rimu za zamani hazikuweza kuingia. Ziligonga kalipa, kile chuma kinachobana diski. Ilibidi kutafuta magurudumu makubwa zaidi. Nikayapata, mapana, mazuri, na gari likasimama kama fahali. Kila aliyepita gereji aligeuka kulitazama. Shindano la kwanza Wekesa alikuwa wa tatu, na mimi nilitembea mjini juma zima nikiwa na mabega juu.

Lakini nilipoliosha baada ya shindano hilo, niliona alama. Kwenye gurudumu la kulia la mbele kuna mpira, bomba jembamba linalopeleka mafuta ya breki. Ule mpira ulikuwa umesuguliwa mahali pamoja hadi ukang'aa. Nilikata usukani wote kushoto, nikainama kutazama, nikaona wazi. Tairi pana lilikuwa linaugusa.

Dawa yake niliijua. Ulihitajika mpira mwingine, mrefu, upitishwe mbali na tairi. Haukupatikana Nyeri, ulikuwa Nairobi. Na magari ya siku hizo yalikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, breki za magurudumu yote manne zinakwisha.

Je, nilikwenda Nairobi? Sikwenda. Shindano la pili lilikuwa karibu, na kazi gereji ilikuwa nyingi. Lakini hizo ni sababu za mdomoni tu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mimi ndiye niliyechagua yale magurudumu. Watu walishaanza kuniita fundi wa mashindano. Ningemwambiaje Mwalimu kwamba nilipima vibaya? Niliuvuta ule mpira kwa waya, nikaufunga kando, nikajiambia nitakwenda Nairobi baadaye.

Siku ya shindano la pili Wekesa alishinda. Ndiyo, alishinda! Watu walimbeba juu. Nyambura alikuwepo, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe. Katikati ya furaha ile Wekesa alinivuta kando.

"Fundi, kuna sauti ya kusugua nikikata kona ya kushoto. Ni nini hiyo?"

"Ni tope imejaa kwa madigadi, hapo juu ya tairi," nikamwambia. "Gari iko sawa, Mwalimu."

"Una hakika? Kesho nampeleka Nyambura Sagana kumwona shangazi yenu."

"Iko sawa."

Maneno mawili tu. Nimeyasikia kila siku ya maisha yangu tangu hapo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Walitoka baada ya kanisa. Katika mteremko wa kwanza mkubwa wa kuelekea Karatina, Wekesa alikanyaga breki na mguu ukaenda mpaka chini. Akavuta breki ya mkono, gari likazunguka, likagonga ukingo wa daraja kwa upande wa kushoto. Upande aliokaa dada yangu.

Gereji yetu ndiyo iliyokuwa na lori la kuvuta magari yaliyoanguka. Kwa hiyo ni mimi niliyeitwa! Nilipofika walikuwa wameshachukuliwa hospitali. Niliona kiatu cha Nyambura kwenye nyasi. Niliona damu. Halafu, wasomaji, kabla hata ya kuuliza kama dada yangu yu hai, niliinama nikatazama lile gurudumu la kulia. Mpira ulikuwa umepasuka pale pale.

Polisi waliniagiza nilivute gari hadi gereji. Mkaguzi wa magari angekuja asubuhi. Ilikuwa Jumapili, gereji haikuwa na mtu. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Nilitoa ule mpira, nikafunga mwingine wa zamani uliokuwa mzima. Nikatia mafuta, nikakamua hewa. Mikono haikutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Uliopasuka niliutupa kwenye moto wa takataka, nikasimama hadi ukawa majivu. Ndipo nikaenda hospitali.

Nyambura alikuwa hai. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mara tatu, na nyonga ikaharibika. Alilala hospitali miezi mitano. Mguu haukurudi kuwa mguu.

Wekesa alitoka na majeraha madogo. Alimwambia kila mtu kwamba breki zilikatika. Mkaguzi akapima breki, akakuta ziko sawa. Basi ikasemwa kwamba Mwalimu amezoea kukimbiza gari kwenye mashindano, sasa amekuja kulikimbiza barabarani akiwa na binti wa watu. Akashtakiwa.

Niliitwa kortini kama shahidi, kwa kuwa mimi ndiye fundi niliyelijua lile gari. Nilishika Biblia. Nikaulizwa kama breki za gari lile zilikuwa na hitilafu yoyote. Wekesa alikuwa amesimama, ameniangalia kwa matumaini, kama mtu aliyeona rafiki akifika.

Nikasema breki zilikuwa sawa.

 Alinitazama, halafu akatazama mikono yake. Nadhani alielewa palepale. Alikuwa mwalimu wa sayansi. Alijua breki haziwezi kufa Jumapili na kufufuka Jumatatu. Lakini nani angemsikiliza? Alifungwa miezi minane, na kazi ya ualimu ikaisha.

Kabla ya kesi kuamuliwa, alikuwa akija hospitali kila Jumapili kumwona Nyambura. Mara tatu aliingia. Nyambura, ambaye hakukumbuka chochote cha ajali na aliyeambiwa na sisi sote kwamba mtu huyu alikuwa akimwonyesha mbio, aligeukia ukuta. Baada ya hapo Baba alisema asiingie tena. Mimi nilitumwa kumzuia getini. Na nilimzuia! Nilisimama mbele ya mtu huyo, nikamwambia dada yangu hataki kumwona. Alikuja na machungwa. Aliyaweka chini kando ya geti, akaenda zake.

Ndipo miguu yangu ilipoanza kuwasha. Sikuweza kukaa Nyeri. Nilikwenda Nanyuki, nikakaa miezi sita. Nikiwa chini ya gari nasikia kitu kinasugua. Natoka, natazama, hakuna kitu. Nikahama. Nilioa, mke wangu akachoka kufunga na kufungua vyombo, akarudi kwao na watoto. Sikumlaumu. Ningemwambia nini? Kanisani nilikaa karibu na mlango. Kitandani niligeuka hivi na hivi. Nilipima breki za wateja mara tatu, mara nne, hadi wenye gereji wakanikasirikia. Je, ilisaidia? Haikusaidia hata kidogo.

Nyambura hakuolewa. Alifungua chumba cha kushonea Karatina, cherehani ya mkono kwa sababu ile ya mguu hangeiweza. Kila nilipompelekea sukari na unga alinishukuru sana. Alisema hana mtu mwingine kama mimi. Mnaweza kuelewa jinsi shukrani inavyoweza kumchoma mtu?

Mwaka jana, siku ya soko, nilimkuta ameketi bila kushona. Alikuwa ameweka karatasi ya barua mbele yake. Aliniambia mama mmoja wa kanisani kwao ana jamaa Kitale, na jamaa huyo anamfahamu Wekesa. Ana shamba dogo la mahindi huko. Nyambura alisema amefikiri kwa muda mrefu.

"Nataka nimwandikie kwamba nimemsamehe," akaniambia. "Nimechoka kubeba hii kitu. Unisaidie na maneno."

Alinipa kalamu. Wasomaji, niliishika ile kalamu... nikairudisha juu ya karatasi. Angemsamehe mtu asiye na kosa! Na mimi niandike kwa mkono wangu!

Nilimwambia yote. Mpira, waya, tope, moto wa takataka, Biblia. Nilisema nikitazama sakafu, kwenye vipande vya vitambaa. Nilipomaliza sikuthubutu kuinua kichwa. Nje watu walikuwa wakibishana bei ya viazi.

Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Hospitali alikuja mara ngapi?"

"Kila Jumapili," nikasema. "Mpaka walipomfunga."

"Mliniambia alikuja mara tatu, akachoka."

"Ndiyo."

Akachukua fimbo yake, akasimama, akafungua mlango na kuushika hivyo hivyo hadi nilipotoka.

Juma lililofuata alisafiri kwenda Kitale peke yake, na ule mguu. Alikaa huko siku nne. Waliongea nini, sijui. Hajaniambia, na sina haki ya kuuliza. Nilikuwa nimemwachia kwa jirani yake barua ampelekee Wekesa, ya kuomba radhi na kusema niko tayari kwenda mbele ya hakimu. Aliporudi aliirudisha kwangu haijafunguliwa.

"Ana mke na watoto watano," aliniambia akiwa mlangoni. "Amekuwa mtu wa mvi. Amesema hataki kukuona, na barua yako hataisoma. Amesema ukitaka kwenda kwa hakimu, nenda. Lakini usiende kwa ajili yake."

Nilikwenda. Nilimweleza afisa mmoja wa polisi kila kitu. Alinisikiliza, akaandika, akaniambia faili ya zamani namna hiyo itachukua muda kupatikana. Nimekwenda mara nne. Nitakwenda tena. Kama ni kufungwa, nifungwe.

Nyambura ananisalimia tukikutana, kama anavyomsalimia mtu yeyote wa sokoni. Unga wangu hapokei tena.

Ndugu zangu mnaopenda mwendo, mnaobadilisha breki na kuvisha magari matairi mapana ili muonekane: fanyeni, sikatazi. Ni kazi tamu, naijua. Lakini gari likiwa limekaa chini na uzito wake wote, kata usukani hadi mwisho, huku na huku, uiname na kutazama kila mpira unapopita. Ukiona alama ya kusugua, gari lisitoke, hata kama watu wote wa Mweiga wanangoja.

Na wewe fundi mwenzangu, mtu akikuuliza kama gari liko sawa na haliko sawa, mwambie. Mwambie saa hiyo hiyo. Utaona aibu kwa siku moja, pengine mbili, na atakucheka kidogo. Nawasihi, chagueni aibu hiyo. Mimi niliikwepa, nikampa rafiki yangu gereza na dada yangu fimbo, na hata leo ninapoandika haya gunia langu la spana liko mlangoni na sijui nitakwenda wapi.