Ndugu wa Kiti cha Kushoto

Kiti cha kushoto kilikuwa cha moto. Buberwa alikigusa kwa bahati mbaya tu, akitafuta spana iliyoteleza chini ya dashibodi, akaurudisha mkono haraka. Tangu asubuhi jua lilikuwa halijaonekana Nshambya, na gari lenyewe lilikuwa halijawahi kuwaka tangu lifike hapo uani. Lakini kiti kilikuwa na lile joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Alikitazama kidogo, kisha akasonya. Mambo ya kumsumbua yalikuwa mengi, na kiti chenye joto hakikuwa mojawapo.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, la milango miwili na viti viwili tu, pua ndefu, mgongo mfupi. Alilitoa Kashozi, kwenye ghala la kahawa la bibi mmoja aitwaye Klaudia, ambaye alikuwa akilibomoa ghala na hakutaka chochote. "Lichukue tu, waitu," bibi alisema, akabaki amesimama mbali, penye migomba, mpaka lilipovutwa likatoka. Mwenye akili angeuliza sababu. Lakini Buberwa hakuwa amewahi kumiliki hata pikipiki, na mtu anayepata gari kwa mara ya kwanza maishani haulizi maswali, anafuta vumbi.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu alilete, na furaha yote ilikuwa imemtoka. Alikuwa mwalimu wa fizikia. Darasani alichora mipigo minne ya injini, kunyonya, kubana, kulipua, kutoa, wanafunzi wakanakili, wakafaulu. Nyumbani injini yake haikunyonya wala haikulipua. Kutu aliyoimaliza kwa msasa Jumamosi ilikuwa imerudi Jumatano. Sakafu ilichomelewa upande huu, upande wa pili ukatoboka. Kabureta aliifungua mara kumi na moja, mpaka mkewe Hellen akamwambia ailaze kitandani, labda ndiyo inachotaka.

Fundi Muksini alikuja mara tatu. Huyu alikuwa mzee wa mjini Bukoba mwenye karakana Hamgembe, babu zake walitoka pwani. Siku za kazi alifungua injini za watu, na Ijumaa baada ya swala aliwasomea wenye majini. Mara ya tatu aliinuka, akafuta mikono.

"Mwalimu, moto upo, mafuta yapo, hewa ipo," alisema. "Halitaki tu."

Jibu hilo lilimchoma Buberwa kuliko kutu yote. Gari si mbuzi, hata lisitake. Na kule Muleba, baba yake, mzee Ishengoma, alikuwa ameiona picha ya gari kwenye simu, akacheka mbele ya ukoo mzima: "Mwanangu ameokota mfupa wa ng'ombe, anasubiri maziwa." Kila bolti iliyogoma ilimkumbusha kicheko kile.

Siku hiyohiyo ya kiti, mchana saa nane, spana iliteleza, ikamchuna vidole vya mkono wa kulia hadi nyama ikaonekana. Mvua nayo ikaanza. Buberwa alijitupa ndani, kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akatamani kulia. Mfukoni mwa shati alikuwa na kifurushi cha akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo Mhaya hampokei mgeni bila kumpa. Akachukua tunda moja, akalipasua kwa meno, zikatoka punje mbili. Moja akaitia kinywani kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Ya pili akaishika kwa vidole vyenye damu, akaiweka juu ya kile kiti kingine.

"Haya, nyegera waitu," akakikaribisha kiti kitupu kwa hasira. "Kama kuna mtu humu ndani ananizuia, tule omukago yaishe. Niwashie hili gari, uwe ndugu yangu."

Sasa, omukago si mzaha. Wazee wa Kihaya walipotaka undugu wa damu, walipasua tunda moja la kahawa, kila mtu akapaka punje moja damu yake, akameza ile ya mwenzake. Kuanzia hapo nyumba yako ni yake, na watoto wako ni watoto wake. Buberwa aliyajua hayo kama alivyojua tarehe za vita, mambo ya kujibia mtihani.

Alipomeza ndipo ladha ikamfikia. Ilikuwa ya chumvi, kama ya mtu aliyelamba msumari. Akageuka kukitazama kiti cha kushoto. Punje haikuwepo.

Akazungusha ufunguo. Gari likawaka.

Alipiga kelele mpaka Hellen akatoka na mwavuli, tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni. Walikwisha kupoteza mimba mbili. Hii ilikuwa imeingia mwezi wa nane, mbali kuliko zote, na Buberwa alimkataza hata kuinua ndoo. Hellen alicheka kumwona mumewe anavyocheka, akainama dirishani, kisha akaziba pua.

"Kuna nini kimekufa humo?"

"Moshi tu huo."

Haukuwa moshi. Ilikuwa harufu ya buni iliyovundia kwenye gunia, nzito na yenye unyevu. Na Hellen alipogeuka kurudi ndani, mkanda wa kiti cha kushoto ulijivuta polepole, ukapita hewani palipokuwa hapana kitu, ukaingia kwenye kifungo chake, ukalia, ka.

Alijiambia ni springi. Kwa siku tatu zilizofuata alijiambia mengi, kwani gari lilikuwa linawaka kila alipoligusa, na mtu aliyehangaika miezi minane hapendi kuichunguza bahati yake. Lakini kila lilipounguruma alisikia mtu akisafisha koo pembeni yake, taratibu, kama mzee anayejiandaa kuzungumza. Na akizima injini ili asikilize, kulikuwa na pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa inangoja.

Alhamisi alirudi kutoka shuleni akamkuta Hellen amekaa jikoni, hapiki, milango yote imefungwa mchana kweupe.

"Ndugu yako alipita," Hellen alisema kwa sauti ya chini.

"Ndugu gani?"

"Sijui. Mrefu. Alisimama nje ya dirisha, uso sikuuona, dirisha lilimwishia shingoni. Nikamkaribisha, akasema amekwisha kukaribishwa. Akaniuliza mtoto wetu atazaliwa lini. Alisema hivyo, Buberwa. Mtoto wetu."

Buberwa hakula. Alitoka hivyohivyo kwa miguu hadi Hamgembe, akamkuta Muksini amelala chini ya gari la watu, akamweleza yote akiwa amechuchumaa, akiongea na miguu ya mzee. Miguu ikatulia. Muksini akajivuta, akatoka.

"Punje yako uliishika kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Wenye jeraha?"

"Mzima."

"Basi ile damu haikuwa yako," Muksini alisema.

"Msomee, mzee. Mfukuze."

"Jini aliyevamia ninamfukuza, nimeshafukuza wengi. Huyu umemwita, umemkaribisha, umekula naye. Nikimsomea atanijibu kwamba yuko kwa ndugu yake, na atakuwa anasema kweli." Mzee alikaa juu ya tairi, akafikiri. "Lakini undugu unakanwa. Utasema mbele ya shahidi: simjui, si ndugu yangu. Mara moja inatosha. Ila siku utakapomkana, kila alichokupa anaondoka nacho."

"Amenipa nini? Ameniwashia gari, basi."

"Basi mkane sasa hivi, shahidi ni mimi. Gari life, ukalee mwanao."

Buberwa alifungua kinywa. Hapo ndipo alipoharibu, na baadaye hakuweza kumlaumu mtu. Aliona uwanja wa nyumba ya baba yake Muleba, ukoo umetoka nje kwa mngurumo, mzee Ishengoma ameshika fimbo yake hana la kusema.

"Jumapili nilipeleke Muleba," alisema. "Mara moja tu. Jumatatu asubuhi nitakuwa hapa, nimkane."

Muksini aliinuka kwenye tairi. "Mimi nimekuambia," alisema, akarudi chini ya gari.

Jumamosi mchana mvua ilishuka ile ya Bukoba, isiyoonyesha ng'ambo ya barabara. Buberwa alisikia beseni likianguka jikoni. Hellen alikuwa amepiga magoti, ameshika ukingo wa meza, na chini yake hayakuwa maji peke yake, ilikuwa damu, nayo ilikuwa nyingi. Alipiga simu kwa jirani mwenye gari. Alikuwa mazishini, Kyaka. Bodaboda wa kwanza hakupokea, wa pili alisema mteremko umeoza kwa utelezi, hawezi kumpakia mjamzito. Buberwa akambeba mkewe hadi uani.

"Sikai kile kiti," Hellen alinong'ona.

"Hakuna kingine, mke wangu. Hakuna kingine."

Mlango wa kushoto ulifunguka kabla hajaugusa. Alimkalisha, akazunguka mbio, na injini ikawa imeshawaka ufunguo ukiwa bado mkononi mwake. Walishuka ule mteremko wa matope gari likiwa halitelezi hata kidogo, wakapita pale kwenye kalavati ambapo maji yalikuwa yamefunika barabara na magari makubwa yamesimama pande zote mbili yakiogopa, na harufu ya buni iliyovunda ikajaa mpaka ikawa kama kupumua ndani ya gunia, na Buberwa hakuthubutu kutazama kushoto, kwa sababu katika kona ya jicho aliona Hellen amekaa juu kuliko inavyopasa, kichwa kinakaribia kugusa paa, kama mtu aliyepakatwa.

"Buberwa," alisema Hellen, pole sana, "kuna mtu nimemkalia."

"Usiongee."

"Ameniwekea mikono tumboni. Mirefu. Inabana." Alivuta pumzi. "Damu imekatika. Ameikamata."

Hospitalini wakampokea kwa kitanda cha magurudumu. Daktari aliifunua kanga, akaitazama damu iliyoloa, akamtazama Buberwa. "Kwa damu hii msingefika," alisema. "Sijui nini kimeizuia." Mlango wa wodi ukafungwa. Buberwa alibaki kwenye korido, viatu vimejaa matope, akiomba kama alivyofundishwa kanisani tangu utoto, na katikati ya sala akagundua kwamba hajui amshukuru nani.

Saa ilipita. Kisha akasikia kilio chembamba, cha hasira, cha mtoto mchanga. Nesi akatokeza kichwa, anatabasamu.

"Hongera, baba. Ni wa kike. Mama naye mzima, ingawa hatujui imekuwaje." Kisha akatazama juu ya bega la Buberwa, juu kidogo zaidi ya pale macho yanapotazama watu. "Ila ndani anaingia ndugu mmoja tu, kumpokea mtoto. Huyu mzee anasema ni yeye. Mimi siruhusu watu nisiowajua. Ni ndugu yako?"

Buberwa hakugeuka. Harufu ilikuwa imeshamfikia shingoni. Nyuma yake mtu alisafisha koo, taratibu, akangoja.

Shahidi alikuwa huyu hapa, amesimama mbele yake. Maneno yalikuwa machache, mara moja inatosha. Na kila alichokupa anaondoka nacho. Kupitia upenyo wa mlango alimsikia Hellen akicheka kichovu, akimbembeleza mtoto, akimwita majina madogomadogo ya Kihaya ambayo kwa mimba mbili zilizopita alikuwa ameyatunza bila kuyatamka.

"Baba, nakuuliza," nesi alisema. "Unamjua?"

"Namjua," Buberwa alisema. "Ni ndugu yangu."

Nesi akasogea kando, akaushikilia mlango kwa muda, kama unavyomfanyia mtu mrefu anayelazimika kuinama ili apite.

Ndani, mtoto akanyamaza.