Dada Yuko Humu Ndani

Kamera zote za dukani zilikuwa baridi, isipokuwa moja.

Mama Chiriku aligundua kwa sababu ya kazi yake. Mshonaji huona kwa vidole kabla ya macho, na yeye alikuwa ameshona sare za shule tangu akiwa msichana. Alizishika kamera mpya moja baada ya nyingine, zote baridi, zinanuka plastiki na maboksi. Kisha akashika ile nzee iliyokaa peke yake mwisho wa kaunta, juu ya kipande cha taulo. Ilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

"Hii umeitoa kwenye chaji?" alimwuliza muuzaji.

"Hiyo? Hata betri haina, dada. Kuna mtu aliileta akaiacha, hakusema mengi. Wewe ndiyo kwanza unaanza, njoo tuangalie hizi. Unataka kupiga nini?"

"Mtoto wangu."

"Basi usibabaishwe na anayekuhesabia megapikseli, za hapa zote zinakutosha. Cha kwanza, ikae mkononi isikuchoshe. Cha pili, vidole vifikie vitufe bila kuvitafuta. Halafu lenzi. Nyumbani kwako kuna mwanga?"

"Chumba cha kazi kina dirisha moja."

"Chukua lenzi hii fupi. Haivuti karibu, utatembea kwa miguu yako. Ila kwenye chumba chenye kigiza, inaona kuliko wewe."

"Inaona kuliko yeye?" alidakia wifi yake, dada wa mumewe, aliyemsindikiza. "Hiyo kamera au mama mkwe?"

Wakacheka wote, hata Mama Chiriku, ambaye siku hizo kumchekesha ilikuwa kazi. Muuzaji alikuwa mtu mwema, tumpe haki yake. Alimfungulia lenzi akamwonyesha kioo kidogo kilicholala mshazari ndani ya kamera.

"Hizi kubwa zinafanya kazi kwa kioo hiki. Ukichungulia kwenye tundu hili la nyuma, kioo ndicho kinachokuletea unachokiona. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga. Klak! Hapo, kwa kufumba na kufumbua, kwenye tundu ni giza tupu."

"Kwa hiyo picha yenyewe inapopigwa, mimi sioni?"

"Huoni. Utaikuta kwenye skrini, imeshapita."

Mama Chiriku aliitazama tena ile nzee. Akaishika. Akasema anaitaka hiyo, itiwe betri na ile lenzi fupi.

"Wifi, acha hiyo," wifi yake alimvuta pembeni. "Mtu anayeanza anachukua kitu kipya chenye dhamana. Hii hata mwenyewe hajulikani."

"Imekaa mkononi kama mkasi wangu."

Nani angebishana naye? Mtu aliyefiwa na mtoto huachiwa mambo mengi. Hili halikufaa kuachwa, lakini nani alijua?

Chiriku alikuwa binti yake wa kwanza. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hanyamazi, anaongea na cherehani, anaongea na vifungo, anaongea hata akiwa amelala. Homa ilimchukua kabla hajavaa sare ambayo mama yake alikuwa ameshamshonea. Na katika siku zile za msiba, nyumba imejaa watu wanaoingia na kutoka, kuna mtu aliiba simu ya baba yake iliyokuwa na picha zake zote. Haikubaki hata moja. Mwizi gani huyo, jamani, wa kuiba kwenye msiba?

Tangu hapo Mama Chiriku aliogopa kitu kimoja tu hapa duniani: kumsahau. Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani aliupitia uso wa mwanawe, paji, nyusi, kovu la kidevuni, pengo la mbele, na akishahakikisha kwamba vyote vipo, ndipo anaweka miguu chini. Sasa alikuwa amezaa tena, mtoto wa kiume, mnene mpaka wakamwita Bonge. Aliapa kwamba huyu hatakosa picha.

Kama umewahi kumpiga picha mtoto mchanga unajua taabu yake. Bonge alitazama dari, alitazama vidole vyake, alitazama kila kitu isipokuwa lenzi. Wengine humwambia mtoto kuna ndege, kuna paka. Mama Chiriku, akiwa amepiga magoti mbele ya dirisha, jicho tunduni, alisema neno lililomjia mdomoni.

"Muone dada! Dada Chiriku yuko humu ndani! Muone!"

Bonge akageuka akaikazia macho lenzi. Klak.

Kwenye skrini alitokea Bonge, amependeza. Nyuma yake, pembeni mwa pazia, palikuwa na goti dogo la mtoto.

Mama Chiriku aliangalia pazia. Hapakuwa na kitu. Akajiambia ni mkunjo wa kitambaa, ingawa mikunjo ya vitambaa ndiyo kazi yake. Akapiga nyingine, na safari hii alisema makusudi, "Muone dada." Likatokea goti na mkono. Kwa siku kadhaa alipiga, na kila picha iliongeza kitu, bega, sikio, mpaka mchana mmoja akatokea mtoto mzima amesimama nyuma ya Bonge, isipokuwa uso wake ulikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Alipaswa kukimbia. Hakukimbia. Alikaa chini akalia kwa furaha, na ndipo kwenye kamera iliyokuwa mapajani mwake ikasikika sauti ndogo kama ya mtu anayeongea chini ya shuka.

"Mama, nyusi zangu zilikuwaje?"

"Zilikutana hapa katikati," alijibu. "Kama zangu hizi."

Picha iliyofuata ilikuwa na nyusi.

Jioni alimpelekea mumewe kamera uani. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na alikuwa ameinamia friji ya mteja.

"Baba Chiriku, tazama. Nakuomba utazame."

"Nini?"

"Mwanetu."

Fundi alinyanyua kichwa, akaona uso wa mkewe, akaelewa vya kutosha. Akageuka upande.

"Sitazami."

"Yuko hapa!"

"Yule nimemzika kwa mikono yangu hii. Ninaye ninavyomjua mimi, usinichanganyie. Na wewe acha hicho kitu, mke wangu. Inanitisha."

Hakuacha. Sare za watu zilirundikana hazina mikono wala kola, wateja wakaja wakagombana wakaondoka. Nyumba ikaanza kunuka dawa ya maji ya homa, ile tamu ya watoto, ingawa chupa ilishatupwa zamani. Mchana, watu wakila, kabatini kulisikika klak, kimya, klak, na Bonge akaanza kulia kila akiingizwa kwenye chumba cha kazi. Na sauti iliuliza kila siku. Mama, kovu langu lilikuwa upande gani? Mama, nilikuwa natembeaje? Mama, nilikuwa nachekaje? Naye alijibu kila kitu, kwa mapenzi yote, kama mama anayemlisha mtoto aliyekuwa mgonjwa akaanza kupata hamu ya kula.

Jioni moja mumewe alikuwa anamlisha Bonge uji, na mtoto akapuliza mapovu.

"Kama dada mtu," fundi alisema akicheka kidogo. "Unakumbuka alivyokuwa anapuliza uji wake mpaka unafika ukutani?"

"Nani?"

Kijiko kikasimama. "Chiriku."

Mama Chiriku alifungua mdomo. Alitafuta uji, alitafuta ukuta, alitafuta mtoto wa kupuliza, na mahali alipokuwa anaweka vitu hivyo palikuwa peupe. Alipitia paji: hakuna. Nyusi, kidevu, pengo: hakuna. Aliinuka akapindua stuli, akakimbilia chumba cha kazi, akaitoa kamera kabatini, nayo ilikuwa ya moto sasa, inapumua, na ile harufu tamu ya dawa ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, akaweka jicho kwenye tundu akaona pazia tu na dirisha na jioni nje yake, akabonyeza, kioo kikaruka, giza likaja, lakini giza lile halikuondoka kama linavyoondoka siku zote, lilikaa, likakaa, na ndani yake kitu kilisogea karibu taratibu bila haraka yoyote, kikaja mpaka upande wa pili wa tundu, na kope zisizo zake zikagusa kope zake.

"Mama," ilinong'ona. "Karibu nimalize."

Alipiga ukelele ambao majirani waliusikia.

Wifi ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyeingia anahema na kulaani ngazi za nyumba. Hakuja na mbwembwe. Aliagiza madirisha yafunguliwe, akaketi, akaitazama kamera mezani bila kuigusa.

"Ulimwita wewe?" alimwuliza Mama Chiriku kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nambembeleza mtoto tu, mama. Nilimwambia dada yuko humu."

"Basi. Viumbe hawa hukaa mahali pasipoonwa na mtu, na hawana sura. Ulimpa jina, ukasema yumo, akaingia. Yule si mwanao. Mwanao amepumzika, hana habari na haya. Na kila ulichomjibu, amekivaa."

"Mwambie anirudishie."

Mganga alivua miwani. "Alichokula hakirudi, mwanangu. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Nikimwacha? Angalau nitamwona humo. Nitamwona hata kama si yeye!"

"Akishatimia atataka mwili. Nani anayekaa mbele ya lenzi hiyo kila siku?"

Wote walimtazama Bonge, aliyelala mapajani kwa shangazi yake na ngumi mdomoni.

Haki gani hii? Mama achague kati ya mtoto aliye hai na uso wa aliyekufa, uso ambao ndio kitu pekee alichobakiwa nacho?

"Uliyesema yumo, useme hayumo," mganga alisema. "Uchungulie, umtazame, utamke kwamba amekufa. Siwezi kukusemea."

Neno hilo hakuwahi kulitamka. Alisema "alipoondoka", alisema "wakati ule". Mumewe alikuja akamshika mabega kwa nyuma. Akainua kamera, akachungulia, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kubonyeza. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya chumba, ana nyusi zinazokutana, ana kovu, ana pengo, mzuri, mkamilifu, amenyoosha mikono abebwe.

"Mama, humu ni giza. Usiniache."

Fundi aliisikia sauti hiyo. Ilikuwa ya binti yake hasa, mpaka kule kukwaruza kidogo mwishoni, na akapiga magoti, amemshikilia mkewe kiunoni.

"Mama, nifanyeje ili unipende?"

"Mwanangu hayumo humu," Mama Chiriku alisema, na kila neno lilitoka kama linang'olewa. "Mwanangu… mwanangu Chiriku amekufa."

Ndani ya kamera kitu kililia, kwanza kama mtoto, halafu si kama mtoto tena, halafu kioo kikapasuka. Harufu ya dawa ikatoka dirishani kama moshi. Bonge aliamka akapiga chafya. Wifi akaokota kamera kwa ncha ya kanga yake, na ilikuwa baridi.

Walizipitia picha baadaye. Zote zilikuwa za Bonge na pazia.

Usiku ulipokaribia, wageni wameshaondoka, mume na mke walikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama Chiriku hakuwa akilia, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

"Baba Chiriku," alisema. "Wewe hukutazama hata picha moja?"

"Hata moja."

"Basi bado unaye."

"Ninaye."

"Niambie. Alikuwa anafananaje?"

Fundi, mtu wa maneno machache, aliongea kuliko alivyowahi kuongea maishani mwake. Alimwambia habari za nyusi na kovu, na kidole gumba cha mguu kilichopinda, na jinsi alivyokuwa akiona aibu anajificha nyuma ya magoti ya mama yake. Mkewe alisikiliza kwa makini sana, akiitikia, kama unavyosikiliza habari za mtoto wa jirani wa mji mwingine. Alijua kwamba alimzaa. Alijua kwamba alimpenda. Alikosa wa kumweka kwenye mapenzi hayo.

"Simuoni," alisema mwishowe. "Unasema vizuri, mume wangu, lakini simuoni. Alifanana na nani?"

"Na wewe," fundi alijibu. "Wewe mtupu. Watu walikuwa wanashangaa."

Mama Chiriku akainua mikono yake yote miwili, akajigusa usoni kwa ncha za vidole, taratibu, paji, nyusi, mashavu, kidevu, akarudi akaanza upya, anamtafuta.