Vidonge vya Jua

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi mbili chumbani kwa mama yake: kutunga uzi kwenye cherehani na kufungua chupa za dawa. Jua liliingia kwa dirisha pana lililotazama barabara, likamwagika juu ya vitambaa vilivyokunjwa, na vumbi la pamba likaelea ndani ya mwanga taratibu, kana kwamba halina haraka ya kutua. Sindano alipenda kusimama hapo, usingizi ukiwa haujamtoka vizuri, akilitazama vumbi lile mpaka mama amguse bega.

"Leo umefika wapi?" mama aliuliza.

"Mbali kidogo tu, mama."

"Basi rudi, uzi unakusubiri."

Sindano halikuwa jina lake la shuleni. Wateja ndio waliombandika, kwa wembamba wake na kwa vile hakuisha kuzungukazunguka cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo za wanawake, na kazi ya mkono wake ilisifiwa mtaa mzima. Lakini miaka michache nyuma vidole vyake vilianza kufa ganzi. Mguu mmoja ukawa mzito, na kuna kipindi jicho la kushoto liliona ukungu mtupu. Watu walisema ni uchovu. Baada ya kuzungushwa hospitali hii na ile, alimpata daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke wa sauti ya chini, aliyemwambia kwamba ana multipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huuita MS. Siku nyingine mama aliamka mzima kabisa. Siku nyingine hata kifuniko cha chupa kilimshinda. Ndiyo maana chupa zote zilikuwa mikononi mwa Sindano.

Katika chupa mojawapo mlikuwa na vidonge vya vitamini D, vyenye nguvu sana, ambavyo mama alimeza kimoja tu kwa wiki. Vilikuwa laini, vya rangi ya dhahabu, na ukikiinua kimoja dirishani kiliwaka chote.

"Mwili huitengeneza vitamini hii wenyewe ukipata jua," mama alimweleza. "Mimi nashinda ndani na cherehani, basi jua langu limefungwa kwenye chupa." Wakacheka wote wawili.

Shuleni, Sindano alikaa dawati moja na msichana aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Siku moja, wakati wa mapumziko, Redio alisema, "Dada yangu anasomea uuguzi. Eti ugonjwa wa mama yako, mtoto naye anaweza kuupata. Halafu eti wanaokosa ile vitamini ya jua ndio unaowapata zaidi."

"Dada yako kasema hivyo?"

"Sasa nikudanganye ili nipate nini?" Redio akaruka akakimbilia kamba, wenzake walikuwa wanamwita.

Sindano alibaki ukutani. Tangu hapo darasa likawa linamtoka polepole kama sauti iliyo chumba cha pili. Alijiona amekaa kwenye cherehani, mtu mzima, na vidole visivyosikia kitambaa. Siku moja alipoinuka kwenye somo la hesabu, mguu wake ulikuwa umekufa ganzi, kana kwamba umejaa sisimizi. Akadhani ugonjwa umeshamfikia. Asubuhi iliyofuata alimpa mama dawa zake, na mama alipogeuka kutafuta mkasi, Sindano akatia kidonge kimoja cha dhahabu mdomoni mwake mwenyewe.

Alihisi, au alidhani anahisi, joto likimtandaa kifuani. Usiku aliota mwili wake ni kitambaa cheusi kinachotariziwa nyuzi za mwanga. Kesho yake akameza kingine, na siku iliyofuata kingine, hata ikawa mazoea.

Wiki zikapita. Kiu ikaanza kumwandama, kiu isiyokatwa na kitu. Chakula kikamchefua, na kichwa kikamuuma mchana kutwa.

"Mbona unakunywa maji kama gari bovu?" mama alimtania, kisha akamtazama vizuri. "Unaumwa, mwanangu?"

"Ni joto tu, mama."

Siku hizohizo daktari alipiga simu. Chuo kikuu kilikuwa kinaandaa kongamano la utafiti juu ya kuzuia MS. "Watafiti watashinda wakiwazungumzia wagonjwa," alisema. "Nataka angalau mgonjwa mmoja ajizungumzie mwenyewe. Njoo na binti yako, fundi."

Mama alijishonea gauni la bluu kwa ajili ya siku hiyo, kidogo kidogo, kwenye siku zake nzuri.

Ukumbi wa chuo ulikuwa mkubwa na wa baridi, viti vyake vikishuka ngazi kwa ngazi hadi jukwaani. Taa zilipopunguzwa, picha kubwa ziliota ukutani: ubongo uliokatwa katikati, matawi ya mishipa ya fahamu, madoa meupe ya ugonjwa yaliyotawanyika kama taa za mji uonekanao kwa mbali. Sindano aliegemea kiti, mate yamemkauka, akajihisi anaelea kati ya madoa yale.

Daktari alipanda kuzungumza. "Fikirieni waya wa umeme," alisema. "Umevikwa ganda ili ujumbe upite bila kupotea. Mishipa yetu ya fahamu nayo imevikwa ganda. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili wenyewe hukosea adui na kulishambulia ganda hilo. Tunachotafuta hapa ni namna ya kuwazuia kabla hawajaanza."

Alitaja uvutaji wa sigara, akataja virusi fulani, kisha akataja vitamini D. Sindano akakaa wima.

"Je," aliuliza mzee mmoja mtafiti kutoka mstari wa mbele, "tuwaambie watu wameze vitamini D ili wajikinge?"

"Ningependa sana kujibu ndiyo," daktari alisema. "Tumeona kwamba wenye upungufu wake huupata zaidi. Lakini kama kumeza vidonge kunauzuia, bado hatuna hakika, ndiyo maana tuko hapa. Na ikizidi mwilini inadhuru. Huleta kiu, kichefuchefu, na inaweza kuharibu figo."

Maneno hayo yalimshuka Sindano kama maji ya baridi. Kabla hajajua afanye nini, mama yake aliitwa. Alipanda jukwaani polepole, akishika ukuta, gauni lake la bluu likimetameta.

"Sijui kusema kitaalamu," mama alianza. "Najua kushona. Na ugonjwa huu kuna siku unaninyang'anya mikono. Siku hizo mikono yangu ni binti yangu, yule pale. Ananitungia uzi, ananifungulia dawa. Sijawahi hata kuchungulia ndani ya chupa. Namwamini kuliko ninavyoviamini vidole vyangu."

Ukumbi ulipiga makofi. Watu waligeuka kumtazama Sindano kwa tabasamu, na kila tabasamu lilimchoma. Makofi yalipotulia, mwongoza kikao aliuliza kama kuna swali. Mkono wa Sindano ukainuka kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Na kama," alisema, "kama mtoto ameshaanza kuvimeza? Vya mama yake. Kila siku, bila kumwambia mtu?"

Jukwaani, mama alifumba macho, akayafumbua. Hakugomba. Alinyoosha mkono tu. "Njoo, mwanangu."

Daktari alimwachia mwenzake kikao, akawachukua yeye mwenyewe hadi hospitali ya chuo, hatua chache kutoka ukumbini. Sindano alitolewa damu. Jioni majibu yakaja: madini ya chokaa, yaani kalsiamu, yalikuwa yamepandishwa na vile vidonge, ila figo zilikuwa salama. Aviache kabisa vidonge vile, anywe maji mengi, arudi kupimwa.

Aliporudi baada ya majuma kadhaa, damu yake ilikuwa imetulia. Daktari aliketi karibu naye.

"Sasa niulize lile ulilokuwa unaliogopa," alisema.

"Nitaupata, daktari? Mguu wangu ulijaa sisimizi."

"Ulikuwa umekaaje?"

Sindano akafikiri. "Nilikuwa nimeukalia."

"Hata mimi nikiukalia wangu hujaa sisimizi." Daktari akacheka, kisha akasema taratibu. "Uwezekano wako umezidi kidogo wa mtoto mwingine, sitakuficha. Lakini wengi kabisa wa watoto wenye mzazi mwenye MS hawaupati maisha yao yote. Cheza nje, kula vizuri, usije ukagusa sigara. Na dawa ya mtu mwingine usiimeze hata siku moja, hata iwe na jina zuri namna gani. Mimi nimesoma miaka mingi na bado sikubahatisha. Nilisema sijui mbele ya ukumbi mzima, na sikuona aibu."

Walipotoka, mama na mwanawe waliketi kwenye benchi la bustani ya hospitali wakisubiri gari. Upepo ulipitia majani, na kivuli kikatikisika juu ya magoti yao.

"Umenikasirikia, mama?"

"Nilikasirika. Ulinidanganya nilipokuuliza kama unaumwa, na ungeweza kupotea mkononi mwangu. Lakini ulisimama mbele ya watu wote wale ukasema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyokutibu." Mama alimvuta karibu. "Sikia, mwanangu. Hofu ukiificha inakutuma mambo ya hatari. Ukiogopa, niambie mimi kwanza. Nisipojua, tutakwenda kuuliza wote wawili."

Sindano aliweka kichwa begani mwa mama.

"Na wewe huwa unaogopa?"

"Sana."

"Basi na wewe uniambie."

Mama alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha, taratibu, akaanza kumweleza.